Kundi la magoti: shajara ya mradi mdogo, Tanga, Desemba hadi Mei

Alhamisi, 12 Desemba 2024

Leo nimefunga daftari la mwaka la wagonjwa wa fiziotherapia, nikakaa kulihesabu kwa kidole. Mgongo unaongoza, kama kawaida yake. Mgongo siuingizi humu, una wenyewe. Wanaonikosesha usingizi ni wa goti, na si kwa wingi wao. Ni namna wanavyokuja: mara moja, wanachukua karatasi ya mazoezi, wanashukuru, basi. Baada ya miezi mitatu nakutana nao kwenye foleni ya dirisha la dawa.

Wiki hii nimewauliza wanne walichokuwa wameambiwa kuhusu magoti yao kabla hawajafika kwangu. Wote wanne: "Ute umeisha." Mmoja, mzee aliyekuwa dereva wa lori, akaniuliza: "Sasa daktari, gari oili imekauka, wewe utaliwasha?" Swali la haki. Mtu aliyeambiwa hivyo, ile karatasi yangu anaiona kama amri ya kuua injini. Anaikunja vizuri, anaitia mfukoni, anakwenda kupumzisha goti. Paja linasinyaa, goti linakosa mtu wa kulishika, maumivu yanaongezeka, naye anaamini kwamba ute nao umezidi kupungua.

Kwa hiyo mpango wenyewe ndio huu. Kundi moja, watu wasiozidi kumi na tano, goti au nyonga iliyochakaa, wiki sita, mara mbili kwa wiki. Muundo nimeuazima Denmark. Wenzetu wa huko wana mpango unaoitwa GLA:D, ulioanzishwa mwaka 2013 na Ewa Roos na Søren Skou, wote wawili wa fani hii hii ya fiziotherapia: vipindi viwili au vitatu vya maelezo, kisha mazoezi mara kumi na mbili mbele ya msimamizi. Siwezi kusema nafanya GLA:D, maana ile ina mafunzo yake na daftari lake la kitaifa. Mimi nina baraza la kituo cha afya, lililo wazi kuanzia saa nane mchana kliniki ya watoto ikishaondoka.

Alhamisi, 19 Desemba

Barua kwa mganga mfawidhi imepita. Nilitia humo takwimu za Shirika la Afya Duniani: mwaka 2019 watu milioni 528 duniani waliishi na osteoathritisi, yaani kuchakaa kwa viungo, na milioni 365 kati yao ni ya goti. Akasoma, akatikisa kichwa, akasaini. Nilipokuwa mlangoni akaniita: "Mama yangu naye ana hilo goti. Naweza kumleta?" Nadhani hiyo ndiyo iliyosaini barua.

Vifaa: tyubu mbovu za baiskeli. Katika mji huu mtu akikosa tyubu mbovu hajatoka nje. Fundi wa kona ya pili amenipa kumi na moja, amekataa hata hela ya soda. Nimezikata, nimezifua kwa sabuni ya unga mara tatu, bado zinanuka mpira. Mchanga nusu kilo kwenye soksi, soksi ishirini. Matofali ya saruji ya inchi sita kwa ajili ya kupanda na kushuka (hayo matofali nitayajutia, tutafika).

Jumanne, 7 Januari 2025

Siku ya kuchuja. Walijiandikisha 19, nimebaki na 14.

Wawili wanakaa mbali, nauli ya kwenda na kurudi mara kumi na mbili hawaiwezi. Hao nimewafundisha mazoezi manne na kuwapa tyubu waondoke nazo. Watatu waliobaki ndio sababu ya kuwa na siku ya kuchuja.

Kijana wa ishirini na kitu, nyonga ya kushoto inamuuma tangu mwaka juzi. Nimemlaza chali, nikakunja goti, nikauzungusha mguu taratibu kwenda ndani. Akanishika mkono. Nikauliza kama ana selimundu, na aliyejibu ni mama yake, kwa sauti ya chini. Kwa mwenye selimundu damu inaweza kushindwa kukifikia kichwa cha mfupa wa paja, kikaanza kufa polepole, na kundi la mazoezi si mahali pa kuanzia. Rufaa kwa daktari wa mifupa, na picha.

Wa pili, mama wa makamo. Amekuja kwa ajili ya goti, lakini mimi nimeangalia vidole. Mikono yote miwili imevimba kwenye vifundo, na asubuhi anakaa zaidi ya saa nzima kabla hajaweza kushika kikombe. Hilo linafanana na baridi yabisi, ugonjwa wenye dawa zake mahususi, na kila mwezi wa kusubiri unakula kiungo. Rufaa. Wa tatu goti la moto, jekundu, na homa juu yake. Huyo hakurudi nyumbani, amepelekwa hospitali pale pale.

Waliobaki ni wa umri zaidi ya miaka 45, goti linauma likitumika, ukakamavu wa asubuhi hauvuki nusu saa. Kwa mtu wa namna hiyo picha ya eksirei si lazima, na sikuidai. Bibi mmoja alinijia na yake hata hivyo, ya miaka mingi, kingo zimejikunja kwa kukaa nyuma ya kabati. Akaiinua dirishani kama anayeonyesha hati ya kiwanja. "Tazama, mifupa imegusana." Nikatazama. Ni kweli nafasi imepungua. Lakini nimeona watu wenye picha mbaya kuliko ile wanaolima, na wenye picha safi wasiopanda ngazi. Nimemwambia picha aiweke pale pale nyuma ya kabati.

Alhamisi, 9 Januari

Vipimo vya kuanzia. Kusimama na kukaa kitini kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani, nahesabu mara ngapi. Kutembea mita 40 haraka, yaani mara nne kutoka mwarobaini hadi bomba la maji.

Maumivu kwa namba, sifuri hadi kumi, hayajakubali. Kila mtu anasema kumi, au anasema "yanauma sana." Nikageuza: kama maumivu makubwa kabisa ni shilingi elfu kumi, goti lako leo linadai ngapi? Hapo pakachangamka. "Elfu sita." "Mia tisa, leo lina huruma." Yule bibi wa picha, ambaye anauza kashata, akasema lingekuwa linamlipa yeye badala ya kumdai angekuwa ameshajenga. Basi tunatumia shilingi.

Mtu mmoja aliondoka katikati ya vipimo akiahidi kurudi. Waja leo, waondoka leo, ndiyo Tanga yetu. Tumebaki 13.

Jumanne, 14 Januari

Kipindi cha maelezo, na nimekitumia chote kwa neno moja: ute.

Nilikuja na beseni la maji na sponji mpya ya kuoshea vyombo. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Chakula chake linakipata kwenye ule ute wa kiungo, na kinaingia kwa kubinywa na kuachiwa. Nikabinya sponji chini ya maji, nikaachia, ikajaa. Nikaiweka mezani, nikaendelea kuzungumza. Hewa ya mchana ya Tanga ikaanza kazi yake, na tulipomaliza kingo za sponji zilikuwa zimekauka. Nikawapitishia waishike.

Halafu nikamwomba mama mmoja mwenye goti lililovimba aniruhusu. Nikabonyeza juu ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, upande mmoja, ute ukahamia upande wa pili, wote wakauona ukitembea chini ya ngozi. Huyu aliambiwa ute umeisha, na kumbe anao kupita kiasi. Goti likikasirika linaongeza ute.

Kimya. Kisha bibi wa kashata: "Kwa hiyo nimedanganywa?"

Hapa nilitaka kusema ndiyo. Lakini aliyemwambia huenda ni muuguzi jirani yake, au ni mimi mwenyewe miaka kadhaa nyuma, maana hata mimi nimelitumia neno hilo kwa kutafuta mkato. Nikasema gegedu limepungua kweli, na halirudi kama lilivyokuwa. Ila goti halibebwi na gegedu peke yake. Linabebwa na paja, na paja linarudi, hata kwa mtu wa miaka themanini.

Alhamisi, 16 Januari

Kanuni ya shilingi. Wakati wa zoezi, hadi elfu mbili ni salama. Hadi elfu tano inavumilika. Zaidi ya hapo unapunguza. Na kesho yake saa kama hizi goti liwe limerudi lilipokuwa kabla ya zoezi. Lisiporudi, kosa ni la kipimo cha zoezi, tunakipunguza. Wameielewa haraka kuliko nilivyotegemea.

Mwalimu mstaafu ameuliza kuhusu makopo ya virutubisho "vya kurudisha ute", anayouziwa kwa bei inayokaribia robo ya pensheni yake ya mwezi. Nimemweleza jaribio la Marekani lililotoka mwaka 2006, watu 1,583, glukosamini na kondroitini, peke yake na pamoja. Kwa ujumla wa washiriki hazikushinda vidonge bandia. Akaandika 1,583 kwenye daftari lake, akapiga mstari chini. Walimu.

Jumanne, 21 Januari

Zoezi la kwanza. Kusimama kutoka kitini, kunyoosha goti kwa tyubu, kuinua kiuno ukiwa umelala mkekani, kusimama mguu mmoja huku umeshika ukuta. Kila moja seti mbili, kumi kumi. Kicheko kingi. Tyubu zinanuka.

Alhamisi, 30 Januari

Nimekosea, naandika nikiwa bado na aibu.

Juzi Jumanne nilianzisha kupanda na kushuka tofali, na nikawapa wote tofali lile lile la inchi sita. Mama mmoja anayechoma mandazi, mwenye mwili, nilimwona anavuta pumzi na kung'ata mdomo. Nikamuuliza shilingi ngapi, akasema elfu nne. Nilijua si nne. Kundi zima lilikuwa linamtazama na hakutaka kuwa wa kwanza kushindwa. Nikamwacha amalize seti.

Leo amekuja hakubadilisha nguo za mazoezi. Akakaa, akapandisha gauni hadi gotini bila kusema neno. Limejaa kama papai. "Mwanangu, si ulisema halitavimba?"

Sikuwahi kusema halitavimba, lakini ningejitetea nini? Barafu kwenye kitambaa, mguu juu ya kiti, siku tatu za kupunguza, na samahani mbele ya kundi lote, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya kundi lote. Yeye amesema atarudi. Wawili wengine, waliomwona, hawakuja leo wala simu hawapokei.

Kuanzia sasa kila mtu ana urefu wake. Nimepata vipande vya mbao vya inchi mbili, wanapanda kimoja, viwili au vitatu. Na shilingi naulizia sikioni.

Alhamisi, 6 Februari

Bibi wa kashata alipoinama kufunga tyubu, pindo la kanga likafunguka na vidonge vikamwagika sakafuni. Diklofenaki, vile vya maumivu, kama kumi hivi, vimefungwa fundo moja na sarafu. Akaviokota kwa utulivu, akavihesabu.

Anameza viwili kwa siku, siku za maagizo mengi ya kashata vitatu. Miaka mingapi? Hakumbuki. Presha anayo, na dawa yake anaimeza "nikiipata." Tumbo? "Linawaka, lakini hilo nalo lina miaka." Nikapima presha pale pale, sikuipenda.

Vidonge vya jamii hiyo vinatuliza, simlaumu mtu kuvipenda. Lakini vinachubua tumbo mpaka kidonda, vinapandisha presha, vinaweza kuzikaba figo, na mzee mwenye presha tayari ndiye wa mwisho kupaswa kuvila kama karanga. Nimemwandikia kwa daktari leo leo, presha na tumbo viangaliwe.

Mbadala unaopendekezwa kwa goti ni dawa ya jamii hiyo hiyo lakini ya kupaka, kwa kuwa inayoingia mwilini ni kidogo. Vizuri. Sasa tupige hesabu. Jeli ya asilimia 1, kipimo kamili cha goti moja ni gramu 4 mara nne kwa siku, yaani gramu 16. Tyubu ya gramu 30 haimalizi siku ya pili. Kwa magoti mawili, ni ya leo tu. Miongozo ya nchi tajiri inaandika "anza na ya kupaka" na inaishia hapo. Hapa kidonge ni sarafu, jeli ni noti. Tumekubaliana na daktari apake mara mbili, siku za maagizo makubwa tu, na vidonge vitoke kwenye kanga.

Jumanne, 11 Februari

Mzee wa lori amekuja na bakora. Hatua nzuri, alikuwa anaionea aibu. Ameishika upande wa goti bovu, kama wanavyofanya karibu wote. Nikamwambia mkono wa pili, upande wa mguu mzima, na ishuke pamoja na mguu mgonjwa. Akanitazama kama ninayemfundisha kuvaa kofia miguuni. Akatembea hadi kwenye bomba. Akarudi. Akabadilisha mkono makusudi, akatembea tena hadi bombani, akarudi. "Ah." Hakusema zaidi. Tukaikata bakora sentimita nne, ncha ya juu ikae usawa wa kifundo cha mkono.

Huyu huyu ameshachomwa sindano ya goti mara tano kwenye kliniki moja ya kulipia, na anaulizia ya sita. Sindano za steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, sizikatai moja kwa moja. Goti lililovimba linaweza kupata wiki kadhaa za nafuu, na hizo ni wiki za kufanyia mazoezi. Shida ni kuzifanya ratiba. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya jaribio la Marekani ambalo watu walichomwa kila wiki 12 kwa miaka miwili: maumivu hayakutofautiana na waliochomwa maji ya chumvi, na gegedu lilipungua zaidi. Na mwaka 2020 wengine walilinganisha sindano na fiziotherapia kwa watu 156. Baada ya mwaka mmoja, wale wa fiziotherapia walikuwa na nafuu kubwa zaidi. Nimemweleza bila kushangilia, ingawa ndani nilishangilia.

Akaniuliza vilevile kuhusu "kuoshwa goti" kwa kamera. Houston, 2002: watu 180, baadhi wakaoshwa goti, baadhi wakachanjwa ngozi tu na kushonwa bila kuambiwa yupi ni yupi. Nafuu ikalingana. Hili alilipenda kuliko yote. Amelisimulia kwa kila aliyechelewa kufika. Nimemkumbusha kuwa kubadilisha goti zima ni jambo jingine, ni upasuaji unaosaidia kweli wale waliofika mwisho, na akifika huko nitamwandikia mwenyewe.

Alhamisi, 13 Februari

Uzito. Nimelikwepa somo hili wiki nne, maana kwetu kumwambia mama wa watu apungue ni kama kumwambia awe na shida. Mizani sikuileta barazani. Nimesema jambo moja tu, lililopimwa Marekani na kutangazwa 2005: kila kilo unayoshusha mwilini, goti linapunguziwa kama kilo nne kwa kila hatua. Mwalimu akazidisha hatua kwa kilo mpaka kalamu ikakwama.

Mama wa mandazi: "Kwa hiyo nikishusha tano, ni ishirini." Ndiyo. "Kila hatua." Ndiyo. Hakusema atafanya nini. Sikumuuliza.

Jumanne, 18 Februari

Mbuzi ya nazi.

Nilikuwa nimewauliza mwanzoni kila mmoja anataka goti limrudishie nini. Wengi walitaja swala, kusujudu mkekani badala ya kitini. Bibi wa kashata alitaja mbuzi. Anakuna nazi kumi kwa siku, na kile kiti cha mbuzi kipo chini kabisa, goti limekunjwa hadi mwisho, saa nzima. Nimekuwa nikimfundisha kusimama kutoka kitini mara ishirini, halafu anakwenda nyumbani kukaa sentimita kumi na tano kutoka sakafuni. Mjinga ni mimi.

Nilimwendea fundi seremala na mbuzi yenyewe mkononi. Toleo la kwanza: miguu minne ya wima, kimo cha kiti. Bibi akakaa, akaegemea kukuna, ikayumba kama ngalawa. Toleo la pili: miguu imetanuliwa nje, ubao wa kuunganisha katikati. Imetulia. Lakini sasa ulimi wa mbuzi uko juu na sinia liko chini sakafuni, nazi inaruka kila mahali, paka wamefurahi. Sinia limepandishwa juu ya kigoda, kigoda kile kile alichokuwa anakalia kupikia. Akakuna nazi moja mbele yetu. Akanyanyuka bila kushika ukuta, akajishangaa, akakaa tena ili anyanyuke tena.

Mzee wa baiskeli pia leo. Aliacha kuendesha kwa sababu aliambiwa apumzishe goti. Siti yake ilikuwa chini, goti linapanda karibu na kifua kila mzunguko. Tumeipandisha kwa spana mpaka mguu karibu unanyooka pedali ikiwa chini. Analalamika unyayo haufiki ardhini akisimama. Atazoea, au atatafuta ukingo wa barabara.

Alhamisi, 27 Februari

Kipindi cha kumi na mbili. Tumebaki kumi. (Mmoja amekwenda Handeni msibani wiki mbili zilizopita na amebaki huko.)

Vipimo vya kumalizia. Matokeo yamenitisha kwa uzuri. Bibi wa kashata alikuwa mara 8 kwa nusu dakika, leo 13. Mzee wa lori kutoka 7 hadi 12. Nilikuwa nimeshaanza kuandika ujumbe kwa mganga mfawidhi nikakumbuka kupiga picha ya kiti. Kile si kiti cha Januari.

Januari nilitumia kiti cha plastiki. Leo vilikuwa vimeazimwa harusini, nikachukua kiti cha mbao cha masjala. Nikaleta futi ya seremala. Plastiki sentimita 40, mbao 46. Kipimo kinataka kama 43. Kiti kikiwa juu, kunyanyuka ni rahisi, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Nimefuta ujumbe.

Jumanne, 4 Machi

Ramadhani imeingia, lakini wote kumi wamekuja saa mbili asubuhi, kabla jua halijakaza, tupime upya kwenye kiti kile kile cha plastiki. Bibi wa kashata 8 hadi 10. Mzee wa lori 7 hadi 9. Saba kati ya kumi wameongeza mara mbili au zaidi, wawili wako pale pale, mmoja amepungua moja. Shilingi zimeshuka kwa wanane.

Si 13. Ni 10. Mbili si haba kwa kipimo hiki. Mita 40 nazo wengi wameharakisha kidogo, na mwarobaini haukusogea.

Alhamisi, 20 Machi

Futari: viazi vya nazi, kaimati, tambi za sukari. Habari za uzito naziacha hadi Shawwal. Tarawehe ni mazoezi yenyewe, kusimama, kuinama, kuketi, na wanasema magoti yanalalamika rakaa za mwisho tu. Mwalimu mstaafu amesujudu mkekani siku tatu mfululizo, ya nne akarudi kitini. Amenipigia kuniuliza kama ameharibu. Hajaharibu.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua za masika, baraza linavuja upande wa mashariki. Wiki saba baada ya kipindi cha mwisho. Wamekuja wanane. Wanaofanya mazoezi bado nyumbani ni watano, kwa maneno yao. Tyubu za watatu zinaonyesha kutumika, za wawili zina vumbi.

Wanaoendelea wana kitu kimoja: zoezi limegandishwa kwenye jambo la kila siku. Mzee wa lori anasimama na kukaa mara kumi kila taarifa ya habari ya redio inapoanza. Mama wa mandazi anapanda ubao akisubiri mafuta yapate moto. Ameshusha kilo mbili na nusu, alijipima kwenye duka la dawa, hakunitumia mimi. Walioandikiwa na mimi "asubuhi na jioni, seti mbili" ndio wenye vumbi.

Yule mmoja aliyepungua ameomba picha na daktari wa mifupa. Goti lake limepinda ndani tangu zamani, na linazidi. Nimemwandikia. Mama yake mganga mfawidhi hakuwahi kuja, miguu inamuuma sana hawezi kutembea hadi hapa.

Jumanne, 13 Mei

Kundi la pili linaanza wiki ijayo, watu kumi na wawili, wawili kati yao ni wa bega lililoganda, wana sukari wote wawili, hivyo nahitaji mpango wa pembeni kwa ajili yao.

Seremala amenitengenezea kiti cha mbao, sentimita 43 kamili, bila mikono. Nimekipaka rangi nyekundu miguu yote minne na kuandika nyuma kwa herufi kubwa: KIPIMO. KISIHAMISHWE. Leo asubuhi nimekikuta kwenye kliniki ya watoto, kimekaliwa na muuguzi anayepima uzito wa vichanga. Anasema ndicho kiti pekee kisichoyumba.